Fundo la Tai Chini ya Mlingoti

Yule mchungaji aliyekianzisha Chuo cha Biblia cha Mlima Gilboa alikuwa mtu wa haraka. Alipenda jinsi jina Gilboa lilivyojaa mdomoni, akaagiza lichongwe kwenye jiwe la langoni, na majengo yalipokwisha ndipo mtu mmoja akamkumbusha kwamba Gilboa ndio mlima ule ule ambao Daudi aliulaani usipate umande wala mvua, kwa sababu Sauli alifia pale. Basi tena, jiwe lilikuwa limeshachongwa. Na watu wa Gilboa wako hivyo mpaka leo. Kitu kikishaandikwa hakifutwi, hata kama kiliandikwa kwa makosa.

Kanuni za pale, weee! Wavulana walikuwa na ngazi yao na wasichana yao, na ngazi zote mbili ziliishia mlango mmoja. Ndevu zilikuwa marufuku, hata za mdomo wa juu, ingawa ukumbini ilitundikwa picha ya mwanzilishi mwenye ndevu za kufika kifuani, na pembeni yake picha ya Yesu, naye vilevile. Karata zenye mfalme na malkia zilikuwa dhambi, lakini karata za namba zilikuwa burudani ya Kikristo. Makofi ruksa, mradi yasifuate mdundo. Na juu ya zote ilikaa mama yao: mvulana na msichana wasikaribiane chini ya inchi sita, wala wasigusane, hata kwa kiwiko, hata kwa bahati mbaya. Wachumba wa Gilboa walitembea wameshika kitabu kimoja cha nyimbo, huyu ncha hii na yule ncha ile, na huko ndiko kushikana mikono kwao.

Halafu kulikuwa na kanuni ya tai. Kila mvulana avae tai tangu kifungua kinywa mpaka chakula cha mchana, na iwe tai ya kufunga. Zile za kubandika kwa kibanio mwanzilishi alizikataza kwa kinywa chake mwenyewe, akasema ni uongo unaovaliwa shingoni.

Junelle Tackett alikuwa mwaka wa mwisho, na kanuni hizo zote alizijua kama njia ya kwenda kanisani kwao. Hakuwa na ugomvi nazo. Alitoka kwenye vilima vya makaa ya mawe, mashariki ya Kentucky, katika nyumba ya mbao ambayo nayo ilikuwa na sheria zake, na akili yake ilimwambia kwamba kila nyumba ina ukichaa wake, ukikaa humo unauzoea. Alitaka amalize salama, apate cheti, arudi kwao akafundishe watoto.

Na kila asubuhi, kabla ya kengele ya ibada, alikaa kwenye benchi chini ya mlingoti wa bendera akamfunga tai mdogo wake, Del. Mkono wa kushoto wa Del ulikuwa umelemaa tangu kuzaliwa, mwembamba, vidole vimejikunja kama vya mtu aliyeshika senti asiyotaka kuitoa. Kazi nyingi alizifanya kwa ule wa kulia, tena vizuri, lakini tai ilimshinda. Tangu akiwa mtoto Junelle ndiye aliyemfunga, kila Jumapili, na walipofika Gilboa ikawa kila siku. Dakika zile chache ndizo walizopigia soga. Del alimsimulia ndoto zake za kipumbavu, Junelle akamsema kuhusu masikio yake machafu, wakacheka, kengele ikalia, kila mmoja akapanda ngazi yake.

Bi Odom alikuwa akiwaona. Huyu alikuwa mlezi wa wasichana, mwanamke mrefu wa nywele za kijivu zilizokazwa kisogoni, ambaye hakuwahi kuolewa wala kuchelewa. Alitembea na rula fupi ya mbao ya inchi sita kamili, wanafunzi wakamwita Bi Rula, ila si mbele yake, nani ana roho mbili? Kila mtu alimwita kwa jina la ukoo, tena kwa maneno mawili tu. "Tackett, sketi." "Prater, kiatu." Basi, na mtu alishajua kosa lake. Asubuhi zote alisimama karibu na mlingoti, rula mkononi, akiwatazama ndugu wale wawili pale benchini, na hakuwahi kusema neno.

Sasa hilo jina Prater ndilo lililoleta balaa. Del aliitwa Delbert Prater, si Tackett. Alikuwa na miaka sita watu wa ustawi wa jamii walipomleta, nguo zake zote zikiwa ndani ya mfuko wa karatasi wa dukani. Ilikuwa akae wiki mbili. Hakuondoka tena. Mzee na Mama Tackett walitaka kumwandikisha kisheria awe wao, lakini mama yake mzazi, popote alipokuwa, hakutia sahihi, na kesi ikalala mpaka Del mwenyewe akawa mtu mzima na hakuna aliyeikumbuka. Nani akumbuke? Mzee alipokufa, Del ndiye aliyesimama mbele ya jeneza pamoja na Junelle, na kijiji kizima kikampa pole ya mtoto.

Mkuu wa wavulana wa zamani alikuwa babu mmoja mwenye usingizi mwingi, aliyewapa kadi ya ndugu bila kuuliza. Kadi hiyo iliwaruhusu wa tumbo moja kukaa pamoja bila msimamizi, hata kukumbatiana. Mwaka ule wa themanini na nne babu akastaafu, akaja Dokta Stroud, kijana bado, mwenye miwani safi na viatu vinavyolia. Wiki ya kwanza tu alikusanya kadi zote za ndugu ili azihakiki. Siku ya pili yake akamwita Junelle.

"Binti Tackett, huyu Prater ni nani wako?"

"Mdogo wangu."

"Kwa baba au kwa mama?"

"Kwa wote wawili, Dokta."

"Mbona ukoo si mmoja?"

Junelle akamweleza, tangu mfuko wa karatasi mpaka mazishi. Dokta Stroud alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, hilo niseme wazi. Alikuwa mtu aliyeamini kwamba ukilegeza nati moja gurudumu zima litachomoka.

"Nimekuelewa," akasema. "Lakini kanuni inasema ndugu wa damu au ndugu wa sheria. Huyu si wa damu. Karatasi ya sheria hamna. Ninachokiona mimi ni msichana na mvulana wanaogusana shingo kila asubuhi chini ya bendera."

"Shingo! Dokta, ni tai tu ile."

"Tai haijaning'inia hewani." Kisha akalainisha sauti, maana alidhani sasa anamsaidia. "Ila njia ipo. Jiandikisheni uchumba. Mtakaa pamoja Jumamosi sebuleni, mbele ya msimamizi, mkiacha inchi sita. Ni halali kabisa, tena mnaonekana mnapatana."

Junelle alihisi masikio yakimuwaka. "Uchumba? Na Del? Dokta, huyo mtoto nimemtoa chawa kichwani kwa mikono yangu!"

"Binti, chunga ulimi."

"Naomba radhi. Lakini nimemtoa."

Akatoka pale bila kadi, na juu yake katazo: asizungumze na Delbert Prater wala kumsogelea mpaka watakapoleta karatasi au wajiandikishe. Alipiga simu nyumbani kwa ile simu ya sarafu ya bwenini, akilia kwa hasira.

"Karatasi gani anataka?" Mama Tackett akafoka upande wa pili. "Nilimwogesha mimi, nikamfuta kamasi mimi, nikamchapa mimi. Kuzaa si kazi, kazi kulea. Nipe namba ya huyo bwana mkubwa."

Akampigia. Dokta Stroud alimjibu kwa adabu kwamba neno la mama ni la kuheshimiwa sana, ila kanuni inataka karatasi. Mama naye akamjibu. Alichomjibu Dokta hakumwambia mtu yeyote, lakini karani wake aliona miwani imeota ukungu.

Kuhusu tai, Dokta aliona jambo jepesi: Del alikuwa na mwenzake wa chumbani, Lamar, kijana mpole mnene, basi Lamar amfunge. Lamar alikuwa tayari. Del akakataa.

"Shingo yangu si ya kila mtu," akasema, akaenda darasani shingo wazi. Wakamwadhibu kwa kazi ya bwaloni. Kesho yake akaenda shingo wazi tena. Dokta akamwita akamwambia: ukirudia, utakwenda kwenu.

Junelle alimkuta nyuma ya kaunta asubuhi moja, amevaa aproni, akipakua uji mzito wa mahindi kwa kata. Kulikuwa na foleni nyuma yake na msimamizi mlangoni.

"Kubali Lamar akufunge, we jinga," akamnong'oneza. "Watakufukuza bure."

Del hakuinua macho. "Labda mkuu anasema kweli."

"Kweli ipi?"

"Kwamba mimi si mtu wenu. Mlinipokea, mkanilea, Mungu awabariki. Lakini ndugu ni neno jingine. Huko nyumbani hakuna aliyeniuliza, nikadhani limekwisha. Kumbe lilikuwa linangoja tu mtu aulize."

"Del, usinitie wazimu."

"Sogea, dada. Foleni inangoja."

Junelle akasogea. Hakuweza kuumeza ule uji. Neno 'dada' lilikuwa limetoka lenyewe, kwa mazoea, na yeye alitaka kurudi amshike bega amwambie, umeona? Umejisikia ulivyoniita? Lakini kaunta ilikuwa katikati, na msimamizi, na inchi sita, na mambo mengine yote ya Gilboa. Kwa mara ya kwanza alizichukia kanuni zile, akazichukia kweli kweli, na akaogopa, kwa sababu alimjua Del. Del hakuwa mtu wa kugombana. Del alikuwa mtu wa kufungasha.

Jumapili ile Del aliingia kanisani amevaa tai. Fundo lilikaa katikati barabara, halikupinda hata kidogo. Junelle alimwona kutoka upande wa wasichana na moyo ukamuuma vibaya. Kumbe Lamar amekubaliwa. Alipaswa kushukuru Mungu, na alijaribu, lakini wimbo mzima aliimba huku akilitazama lile fundo kwa wivu. Bi Odom, aliyekaa mwisho wa safu, naye alikuwa akilitazama.

Jumatatu akajua maana yake. Alipokuwa akielekea ibadani alimwona Del amesimama chini ya mlingoti na sanduku miguuni, akingoja gari la chuo limpeleke stendi ya basi. Tai ya jana ilikuwa bado shingoni. Alikuwa amependeza kama mtu anayekwenda kupigwa picha.

"Unakwenda wapi?" Junelle akamwita kutoka ng'ambo ya majani.

"Usinisogelee, utapata matatizo."

"Nimekuuliza unakwenda wapi!"

"Kuna kazi kwenye ghala la matairi, Lexington. Nitamwandikia Mama. Wewe maliza mwaka wako, usiharibikiwe kwa ajili yangu."

Wanafunzi walikuwa wakipita pande zote mbili. Junelle alikatiza majani, jambo ambalo nalo lilikuwa marufuku, akamshika Del kwa ile tai kwa mikono yote miwili.

"Huendi popote!"

"Dada, niachie, watu wanaona."

"Waone! Mwenye macho haambiwi tazama! Utapanda hilo gari ukiniburuta!"

Fundo likafunguka mikononi mwake. Wachumba wawili walikuwa wamesimama na kitabu chao cha nyimbo kati yao, midomo wazi. Junelle akageuka, na pale, umbali wa hatua chache, alisimama Bi Odom na rula yake.

"Tackett. Prater," akasema. "Ofisini."

Walikaa watu watatu nyuma ya meza: Dokta Stroud, Bi Odom, na mwalimu mzee wa Kiebrania ambaye aliletwa kila kesi kwa sababu kamati ilitaka watatu, na ambaye kila kesi alisinzia. Del na Junelle waliwekwa kwenye viti vilivyoachana. Tai ilikuwa bado imening'inia shingoni mwa Del, pande mbili, haijafungwa.

Dokta Stroud aliongea kwa huzuni ya kweli. Katazo limevunjwa, hadharani, tena kwa kugusana. Prater alikuwa anaondoka mwenyewe, basi na aende. Kuhusu Binti Tackett, kamati itafikiri, ila cheti chake sasa ni mashaka. Junelle alisikia hilo la cheti kwa mbali. Alikuwa akimtazama Del, na Del alikuwa akitazama viatu vyake, na uso wake ulikuwa ule ule wa mtoto aliyesimama mlangoni na mfuko wa karatasi, akingoja aambiwe aende chumba kipi. Junelle akajua akitoka leo hatarudi, si Gilboa wala nyumbani. Atatuma kadi za Krismasi. Atamwita Mama 'Bi Tackett'.

"Ni mdogo wangu," akasema. "Sina karatasi. Sijui nionyeshe nini. Ni mdogo wangu tu."

"Binti, nakuonea huruma, lakini—"

"Prater, tai," akasema Bi Odom.

Wote wakamgeukia.

"Bi Odom," Dokta akasema, "kijana hawezi. Ndiyo chanzo cha yote haya."

"Jumapili kijana Lamar alikuwa amelazwa zahanati. Matubwitubwi. Supu nilimpelekea mimi mwenyewe, na shingo ilikuwa imevimba hata tai ya kwake mwenyewe asingeweza kufunga." Akamkazia macho Del. "Nani alikufunga, Prater?"

Del akawa mwekundu mpaka kwenye mizizi ya nywele.

"Funga," akasema Bi Odom.

Del akamtazama Junelle mara moja, kwa woga, kisha akainamisha kichwa. Akabana ncha nyembamba kwa meno. Kwa mkono wa kulia akaizungusha ile pana, mara moja, mara ya pili, akaipitisha juu, akaichomeka, akaachia meno, akavuta. Mambo yakaisha. Fundo lilikaa katikati barabara.

Mwalimu wa Kiebrania alikuwa ameamka.

"Unaweza?" Junelle akauliza taratibu.

"Dada..."

"Unaweza! Tangu lini?"

"Tangu darasa la saba," Del akajibu kwa sauti ndogo.

"La saba!" Junelle alikuwa ameshasimama. "La saba, Del? Naamka gizani kukufunga tai! Kwenye theluji! Na mafua! Na siku ya mtihani wangu wa Kigiriki nikakimbia bila kunywa hata chai!" Mkoba wake ulikuwa mkononi, na kabla hajajua anafanya nini alishamtandika nao begani. "Mnafiki mkubwa we!"

"Nisamehe, aisee, unaniumiza!"

"Bado hujaumia!" Wa pili ukampata mgongoni. "Nitakusemea kwa Mama! Ngoja tu, leo leo nampigia!"

"Inchi sita!" Dokta Stroud akapaza sauti, amesimama, mikono hewani. "Inchi sita!"

"Muache," Bi Odom akasema. "Hajamaliza."

Junelle alimaliza kwa kuishiwa pumzi. Akarudi kitini, akilia na kuhema. Dokta akaketi pia, akavua miwani, akaivaa.

"Prater," akasema, "sielewi. Ungeweza kufunga mwenyewe tangu siku ile ya kwanza, yote haya yasingetokea. Kwa nini ulificha?"

Del alikuwa akiuchezea ule mkono wake mwembamba, jambo ambalo hulifanya akiwa ameshikwa.

"Kabla ya kwa Tackett nilishapita nyumba nyingine," akasema. "Kila nyumba nilikaa mpaka nikazoea. Nikishazoea, wale watu wa ustawi walikuja wakasema, huyu sasa yuko sawa, tunaweza kumhamisha, kuna mwingine anahitaji kitanda. Jumapili ya kwanza pale kwao, Junelle alipiga magoti akanifunga tai. Kwa kweli nilikuwa sijui. Baadaye nikajifundisha chooni, kidogo kidogo, na siku nilipoweza nikaogopa. Nikasema wakijua naweza, watasema huyu sasa yuko sawa. Basi nikanyamaza. Halafu miaka ikapita, nikaona aibu kusema. Na halafu... nilikuwa napenda tu. Asubuhi."

Junelle alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Hasira yote ilikuwa imekwisha, akabaki na uchungu mtupu kwa ajili ya yule mtoto wa chooni aliyejifundisha kitu kizuri akakificha kama aliyeiba.

Bi Odom aliiweka rula mezani.

"Dokta," akasema, na yale yakawa maneno mengi kuliko yote ambayo mtu amewahi kumsikia akiyasema kwa mkupuo. "Nimekaa hapa nikipima wavulana na wasichana tangu wewe unavaa kaptura. Mvulana anayemtaka msichana humwonyesha anachoweza. Huruka ukuta. Hubeba vitabu vyake vyote kwa mkono mmoja. Huimba besi hata kama sauti hana. Sijaona hata mmoja anayejifanya hawezi. Anayejifanya hawezi ni mdogo mtu."

Akageukia dirisha, akaendelea.

"Kitindamimba wetu, Asa, alijifanya hajui kufunga kamba za viatu mpaka asubuhi aliyopanda treni kwenda vitani. Nikamfungia pale pale stesheni, wanajeshi wenzake wakamcheka. Mimi nilijua kitambo kwamba anajua. Huko alikokwenda, nadhani alizifunga mwenyewe."

Hakuna aliyethubutu kuuliza kama Asa alirudi.

Dokta Stroud alizungusha kalamu vidoleni. Ilionekana wazi kwamba moyo wake ulikuwa umeshavuka, ila miguu ilikuwa bado ng'ambo. "Kanuni inasema damu au sheria," akasema, sasa kama anayeomba msaada.

"Naijua. Niliipiga taipu mimi."

"Basi unajua siwezi kuifuta."

"Nani kasema ufute?" Bi Odom akachukua rula yake, akasimama. "Gilboa hatufuti. Gilboa tunaongeza. Unadhani zilikuwaje nyingi hivi?"

Mwalimu wa Kiebrania akacheka, kicheko kikavu cha mtu asiyecheka mara kwa mara, na Dokta Stroud, masikini, akajikuta naye anatabasamu. Akavuta karatasi nyeupe, akaanza kuandika. Ukienda Gilboa leo utaikuta, kati ya kanuni ya mabakuli ya moto na kanuni ya miavuli: *Mvulana asiyeweza kufunga tai, au anayejifanya hawezi, atafungwa na dada waliyelelewa naye nyumba moja, na hao ni ndugu.* Wanafunzi wa siku hizi wanaisoma na kuangua kicheko. Wanasema wazee wa hapa walikuwa wehu.

Asubuhi iliyofuata Del alikuwa benchini mapema, tai inaning'inia, sanduku limerudi bwenini. Junelle alikuja polepole, makusudi, akasimama mbele yake na mikono kiunoni.

"Funga mwenyewe. Mkono unao."

"Mmoja."

"Huo huo unatosha. Jana tumeona."

"Sawa," Del akasema, lakini hakuinua mkono. Alikaa tu akimtazama, mjinga yule, na cheko limembana pembeni ya mdomo. Wanafunzi walikuwa wakipita. Kengele ilikuwa karibu.

"Mama anasema ukirudi Krismasi utakiona cha mtema kuni," Junelle akamwambia.

"Alisemaje tena?"

"Alilia. Halafu akacheka. Halafu akasema yeye alikuwa anajua." Junelle akapuliza pumzi. "Inaelekea kila mtu alikuwa anajua isipokuwa mimi. Haya, inua kidevu. Masikio yenyewe hujaosha."

Akakaa, akamfunga, akavuta kwa nguvu mpaka Del akakohoa. Fundo halikukaa vizuri kama lile la jana.

Bi Odom alikuwa akipita upande wa mlingoti, rula kwapani. Akapunguza mwendo.

"Tackett, fundo," akasema.

Wote wawili wakageuka. Bi Odom alikuwa akimtazama Del.

Macho ya Del yalikuwa yamejaa maji, ikabidi akohoe tena.

"Ndiyo, Bi Odom," akasema, akaketi wima, na Junelle akalifungua lile fundo akaanza upya.